Nyumba za Mawe: Ziara ya Zimbabwe Kuu na Swali la Nani Aliyeijenga

Ndugu mwanafunzi, kabla hatujaianza safari yetu, andika katika daftari lako maneno mawili ya Kishona: dzimba na mabwe. Usifungue kamusi. Litamke la kwanza polepole, kisha liweke kando ya neno la Kiswahili nyumba. Litamke la pili, kisha liweke kando ya neno mawe. Wewe uliyelelewa kwa Kinyarwanda utaongeza na lako, amabuye, na utaona kwamba maneno hayo yanafanana kama watoto wa baba mmoja waliolelewa katika miji tofauti. Dzimba dzamabwe, nyumba za mawe: kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, hiyo ndiyo asili ya jina Zimbabwe. Ni nchi iliyopewa jina la jengo, na leo ninakupeleka kulitazama jengo lenyewe.

Nilianza kutamani kufika huko kwa sababu ya swali la darasani. Siku moja, nilipokuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu picha ya kuta za Zimbabwe Kuu, kijana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, ni kweli watu weusi walijenga haya?" Darasa zima lilicheka, lakini yeye hakuwa anafanya mzaha. Nilimjibu kwa haraka kwamba ndiyo, wao ndio waliojenga. Akauliza tena, "Tunajuaje?" Hapo nilinyamaza. Swali lake la kwanza lilinikera, na la pili likaniaibisha, maana nilitambua kwamba nilikuwa na msimamo lakini sikuwa na ushahidi. Makala haya ni jibu nililomkawiza.

Ukisafiri kwa barabara kutoka Kigali, utavuka mpaka wa Rusumo na kuingia Tanzania. Kiswahili kitakusindikiza hadi Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia. Ukiendelea kusini utavuka mto Zambezi, na huko utadhani umeishiwa lugha. Tega sikio vizuri. Kinyarwanda husema imvura, Kiswahili husema mvua. Mshona naye husema mvura, na kwake neno hilo humaanisha pia maji. Sisi tuna inzira, Waswahili wana njia, Washona wana nzira. Inzovu ni ndovu, na kwa Kishona ni nzou. Umuntu ni mtu, na kwa Kishona ni munhu. Ukikutana na mzee, mwamkie kwanza, na usishangae ukiwaona wenyeji wakipiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kidogo. Ndivyo wanavyosalimu na kushukuru kwa heshima. Mgeni mwenye adabu hujifunza jambo kama hilo kabla hajatoa simu yake kupiga picha.

Kutoka Harare hadi mji wa Masvingo ni mwendo wa takriban kilomita 300 kuelekea kusini. Zama za ukoloni mji huo uliitwa Fort Victoria. Jina la Masvingo, lililotolewa baada ya uhuru, linatokana na neno la Kishona linalotaja kuta za mawe. Kutoka hapo, kiasi cha kilomita 30 hivi, utafika kwenye magofu. Neno gofu, kwa faida ya wale wanaolisoma kwa mara ya kwanza, ni jengo lililobaki kuta tu baada ya wakaaji wake kuondoka. Zimbabwe Kuu ni magofu ya mji mzima. Ulianza kukua katika karne ya 11, ukafikia kilele chake kati ya karne ya 13 na ya 15, na ulienea katika eneo la zaidi ya hekta 700. Maelfu ya watu waliishi hapo.

Mahali hapo pamegawanyika sehemu tatu: Kilima, Boma Kuu na magofu yaliyo bondeni kati ya hivyo viwili. Anza na Kilima, kwa kuwa ndiko kwenye kuta za kale zaidi. Njia yake ni nyembamba na ina ngazi za mawe. Mara unapita katikati ya majabali mawili yaliyokaribiana, mara unakuta ukuta uliojengwa ukashikana na jabali hata huwezi kusema kwa hakika wapi Mungu aliishia na wapi fundi alianzia. Ukifika juu, pumzika. Chini yako utaliona bonde lote, na Boma Kuu likiwa kama bangili kubwa ya mawe iliyowekwa juu ya nyasi.

Kisha shuka uende kwenye hilo Boma. Ukuta wake wa nje una mzunguko wa mita 250 hivi, na mahali palipo juu zaidi unafikia mita 11. Penye unene mkubwa unakaribia mita 5, yaani upana wa chumba cha darasa dogo. Weka kiganja chako karibu na mawe, bila kuyasukuma, utafute saruji au chokaa kati ya jiwe na jiwe. Hutapata. Kila tofali la graniti limekaa juu ya mwenzake kwa uzito wake na kwa ustadi wa aliyelipanga. Milima ya graniti ya eneo hilo, ikipigwa na jua mchana na baridi usiku, hubanduka mabamba yenyewe. Na mafundi walijua kuharakisha kazi hiyo kwa kuwasha moto juu ya mwamba na kisha kuumwagia maji. Bamba likishapatikana, lilivunjwa vipande vinavyokaribiana kimo, vikapangwa safu juu ya safu. Upande mmoja wa kilele cha ukuta walipanga mawe kwa mshazari, yakafanya pambo linalofanana na meno ya msumeno. Pambo hilo halizuii adui wala halibebi paa. Liliwekwa kwa kuwa lilipendeza.

Ndani ya Boma kuna ujia mrefu kati ya kuta mbili, mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja amgeuzie mwenzake bega. Mwisho wake kuna mnara wa mviringo wenye kimo cha mita 10 hivi, ulionenepa chini na kukonda juu. Watafutaji wa hazina waliuchimbua wakitaraji kukuta chumba cha siri, wakakuta mawe matupu, maana mnara huo umejazwa mawe kutoka nje hadi ndani. Wapo wataalamu wanaouona kuwa mfano wa ghala la nafaka, alama ya mfalme anayelisha watu wake. Kumbuka pia kwamba kuta hizi hazikuwa kuta za nyumba zenye paa. Watu waliishi katika nyumba za udongo uliopigwa vizuri, zilizoezekwa kwa nyasi, na kuta za mawe zilizizunguka nyumba za wakubwa na kuzitenga na za watu wa kawaida. Udongo umeporomoka, mawe yamebaki. Na hilo lilikuja kuwa na madhara, kama utakavyoona.

Utajiri wa mji huo ulitoka wapi? Kwanza ng'ombe, ambao Mnyarwanda hahitaji kuelezwa thamani yao. Pili biashara. Dhahabu na pembe za ndovu kutoka nyanda za juu zilipelekwa pwani ya Bahari ya Hindi, hasa Sofala, katika Msumbiji ya leo. Na kutoka huko zilirudi nguo, shanga na vyombo vya kauri. Wachimbuaji wamepata Zimbabwe Kuu vigae vya vyombo vya Kichina na vya Kiajemi. Wamepata pia sarafu moja ya shaba, ndogo, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Sultani huyo ndiye aliyetawala Kilwa mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipotia nanga huko, na ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa kasri la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yapo Tanzania hadi leo. Kilwa ilinawiri kwa kuishika biashara ya dhahabu ya Sofala. Hivyo mji wa Waswahili uliokuwa kisiwani na mji wa mababu wa Washona uliokuwa bara walijuana kwa mkono wa kutoa na kupokea, ingawa huenda wafalme wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Katika karne ya 15 mji ulianza kudhoofika. Huenda ardhi ilichoka, kuni zikaisha, au njia za biashara zikahama. Sababu zinaweza kuwa kadhaa kwa pamoja. Nguvu za kisiasa zilihamia kwingine: magharibi kulistawi Khami, nako kaskazini kukawa na dola ya Mutapa. Ufundi wa kujenga kwa mawe uliendelea huko Khami, na katika nchi za eneo hilo kuna mamia ya magofu ya jamaa hiyo. Zimbabwe Kuu ni lile kubwa kuliko yote, wala si la pekee kana kwamba lilidondoka kutoka mbinguni.

Sasa tufike kwenye swali la mwanafunzi wangu.

Mwezi Septemba 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika mahali hapo. Tayari alikuwa na jibu kichwani kabla ya kuona jiwe la kwanza, maana alikuwa akiitafuta Ofiri, nchi ya dhahabu inayotajwa katika Biblia. Alikata kipande cha boriti ya mlango, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona vinafanana kwa rangi na harufu. Penseli ilitengenezwa kwa mti wa jamii ya mwerezi. Basi, akahitimisha, boriti ni ya mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Aliyeuleta lazima awe Mfoinike. Na aliyeagiza kasri lazima awe Malkia wa Sheba. Itazame hoja hiyo, ndugu mwanafunzi, kama unavyotazama insha ya mwenzako: kutoka kwenye penseli hadi kwa malkia kwa hatua nne. Baadaye ilibainika kwamba mti ule ni wa kienyeji, unaoota hapohapo kusini mwa Afrika.

Ingekuwa ndoto ya msafiri mmoja, tungeicheka na kuendelea na safari. Lakini mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes iliiteka nchi, na ndoto ikapata kazi ya kufanya. Mwaka uliofuata Theodore Bent aliletwa kuchimba, na kitabu chake kikatangaza kwamba wajenzi walikuwa watu wa kutoka Arabuni au Wafoinike. Fikiria faida ya tangazo hilo kwa mtekaji. Kama zamani wageni walistaarabisha nchi hii, kisha wenyeji wakaiharibu, basi mgeni mpya anayekuja leo si mnyang'anyi. Ni mrithi aliyerudi kwenye mali ya wazee wake. Mwaka 1895 kampuni nyingine ilipewa kibali cha kutafuta dhahabu katika magofu mengine ya nchi hiyo, na vitu vya kale vya dhahabu vikayeyushwa. Mwaka 1902 Richard Hall alikabidhiwa ulinzi wa Zimbabwe Kuu. Yeye aliyaona matabaka ya udongo yaliyokuwa ndani ya kuta kuwa uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya wastaarabu, akayafagia na kuyatupa. Nilikwambia kwamba nyumba za wakaaji zilikuwa za udongo. Alichokitupa ndicho kilichokuwa nyumba zao, meko yao na vyungu vyao. Ushahidi ulitupwa na mtu aliyeajiriwa kuutunza.

Hata hivyo haukuisha wote. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alichimba katika sehemu zilizosalia akakuta vyombo vinavyofanana na vile vilivyokuwa vikitumiwa na watu wa eneo hilo, akasema wajenzi ni Waafrika na majengo si ya zama za Sulemani bali ya karne za kati. Walowezi walimkasirikia. Mwaka 1929 aliletwa Gertrude Caton-Thompson kuamua ugomvi. Alichagua mahali ambapo ukuta na sakafu havijaguswa, akachimba chini yake, maana kilicho chini ya msingi hakiwezi kuwa kimewekwa baada ya ukuta kujengwa. Jibu lake lilikuwa lilelile: kazi ni ya Waafrika. Baadaye vipimo vya kaboni vikayathibitisha majira ya ujenzi. Hivi ndivyo tunavyojua. Tunajua kwa vyungu, kwa matabaka ya udongo, kwa miti iliyopimwa umri, na kwa mamia ya magofu mengine yanayoonyesha ufundi huo ukizaliwa, ukikua na kuhama pamoja na watu wake.

Ungedhani ubishi uliishia hapo. Haukuisha, kwa sababu haukuwa ubishi wa elimu. Serikali ya walowezi ya Ian Smith, iliyojitangazia uhuru mwaka 1965 ili kuwazuia Waafrika wengi wasitawale, ilishinikiza vitabu vya kuongozea watalii na maelezo ya makumbusho yasitamke waziwazi kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale na aliyekataa kuuficha ukweli huo, aliondoka nchini mwaka 1970. Wakati huohuo wapigania uhuru walikuwa wamelichukua jina la magofu hayo na kulitia katika majina ya vyama vyao, ZAPU mwaka 1961 na ZANU mwaka 1963. Tarehe 18 Aprili 1980 nchi iliyoitwa kwa jina la Rhodes ikaacha kuitwa hivyo. Ikaitwa nyumba za mawe.

Huenda sasa unajiuliza, ugomvi wa watu wa Masvingo unatuhusu nini sisi wa nchi za Maziwa Makuu? Unatuhusu kwa mambo mawili.

La kwanza ni lugha unayojifunza. Utakutana na watu watakaokwambia kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika, au kwamba kimeletwa na wageni pwani. Usikasirike, fanya kama Caton-Thompson, chimba chini ya msingi. Chukua sentensi hii: Watoto wawili wadogo wamelala. Iweke kando ya Kinyarwanda: Abana babiri bato baryamye. Angalia jinsi kiambishi kimoja kinavyolishika kila neno, wa- huku na ba- kule, kama fundi anayepanga safu moja ya mawe. Huo ndio msingi, nao ni wa Kibantu. Ni kweli kwamba sita, saba, tisa, kitabu na elimu vimetoka katika Kiarabu, wala hatuoni haya kusema hivyo. Maneno hayo ni kama vile vigae vya Kichina ndani ya Zimbabwe Kuu: yanatuambia wenye nyumba walifanya biashara na nani, hayatuambii kwamba nyumba ilijengwa na mgeni.

La pili ni zito zaidi, na ninaliandika kwa uangalifu. Mwaka 1863 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walikuwa wazao wa watu waliotoka Ethiopia. Dai lake ni ndugu wa dai la Mauch: palipo na ufalme uliopangwa vizuri, au ukuta uliojengwa vizuri, lazima pawe na mgeni kutoka kaskazini. Wakoloni waliletea Rwanda fikra hiyo, wakaifundisha shuleni, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaiandika katika vitambulisho: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Raia aliyezaliwa hapa, babu yake na babu wa babu yake wakiwa wamezikwa hapa, alifanywa mgeni kwa karatasi. Novemba 1992 mwanasiasa mmoja alisimama mbele ya mkutano wa hadhara akasema kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na miili ya watu ilitupwa katika mto huo.

Sisemi kwamba ukuta wa mawe na uhai wa binadamu vina uzito sawa. Haviwezi kuwa sawa. Ninachosema ni kwamba uongo wenyewe ulikuwa mmoja, ukitumika kwa namna mbili. Kule Zimbabwe ulimnyang'anya mwenyeji nyumba yake kwa kusema ilijengwa na mgeni. Hapa kwetu ulimnyang'anya mwenyeji nchi yake kwa kusema yeye mwenyewe ndiye mgeni. Nilipokuwa nimesimama katika ule ujia mwembamba wa Boma Kuu, hilo ndilo lililonijia, na niliona kwamba swali la mwanafunzi wangu halikuwa la kijinga hata kidogo. Lilikuwa limepandwa ndani yake na watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa.

Lakini uwe mwangalifu, mwanafunzi, usije ukaponya uongo mmoja kwa kutunga mwingine. Wako wanaofika kwenye magofu kama haya wakasimulia enzi ambayo kila Mwafrika alikuwa mfalme na hakukuwa na machozi. Kuta zenyewe zinakataa. Wachache waliishi ndani yake, na wengi waliishi nje katika nyumba zilizosongamana. Mtu alivunja mawe na mtu mwingine aliyabeba, na jina la hata mmoja wao halikuandikwa. Raia mwema huuliza pia kuhusu huyo. Tena jamii zinazoishi jirani na magofu zina madai yao ya kale juu ya mahali hapo, ambapo wazee wao walifanyia ibada na kuomba mvua kabla hawajazuiwa na walinzi na nyua. Jengo likishaitwa mali ya taifa, au hata mali ya dunia nzima, kama UNESCO ilivyolitangaza Zimbabwe Kuu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1986, yule aliye karibu nalo zaidi anaweza kuachwa nje ya lango.

Kabla hujaondoka, pita katika jumba la makumbusho lililo hapohapo uwatazame ndege. Ni sanamu zilizochongwa kwa jiwe laini ambalo sisi huliita jiwe la sabuni, na zilisimamishwa juu ya nguzo, nyingi zikiwa kule Kilimani. Ndege wanaojulikana ni 8. Mmoja aliuzwa kwa Rhodes, akapelekwa nyumbani kwake Cape Town; wengine walichukuliwa kupelekwa makumbusho ya Afrika Kusini, na sehemu ya chini ya mmoja ilifika Ujerumani. Mwaka 1981, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, waliokuwa katika makumbusho ya Afrika Kusini walirudishwa, na kile kipande cha Ujerumani kikapokewa mwaka 2003 na kuunganishwa na mwenzake. Ndege huyo ndiye unayemwona katika bendera ya Zimbabwe. Ukimtazama, kumbuka kwamba alisafiri nje ya nchi bila kupenda, na kwamba kumrudisha kulihitaji watu waliojua alikotoka.

Basi, siku utakapokwenda ugenini kutazama jengo lenye sifa, hapo au penginepo, nenda kama mwanafunzi. Usipande juu ya kuta wala usichukue hata kipande cha jiwe. Ukuta usio na saruji husimama kwa kila jiwe kukaa mahali pake. Msikilize anayekutembeza, kisha muulize, kwa adabu, "Tunajuaje?" Soma maandishi ya ukutani, ujiulize ni nani aliyeyaandika na mwaka gani. Nawe ukirudi nyumbani, usisimulie tu kwamba umefika. Simulia ulichothibitisha.

Nilirudi darasani na jibu. Yule kijana alilisikiliza hadi mwisho: penseli ya Mauch, udongo uliotupwa na Hall, na shimo la Caton-Thompson chini ya ukuta. Kisha akauliza kama katika Rwanda yetu kuna mahali ambapo tunaweza kuchimba chini ya msingi namna hiyo. Nilimwambia aanze na wazee wa kijiji chake, na aende na daftari.

Maswali ya kutafakari

1. Carl Mauch alifanya makosa gani katika kufikiri kwake? Taja habari moja unayoiamini leo ambayo huenda imejengwa kwa namna hiyo.

2. Andika sentensi tano za Kiswahili na tafsiri yake katika lugha ya nyumbani kwenu. Chora mstari chini ya viambishi vinavyofanana.

3. Muulize mzee mmoja habari za jengo, kilima au mti wenye historia karibu na kwenu. Kila anapokujibu, muulize alijuaje, kisha uandike majibu yote mawili.